Ngoja si hapana: historia ya kontroli namba na kazi zinazoachwa zikisubiri

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila changu hakina mshindo wowote. UE zilitubana, halafu nikaenda zangu nyumbani Issuna, ambako mtandao wa maana unaupata ukipanda juu ya jiwe. Sasa nimerudi kampasi, bumu bado halijaingia, na leo naleta historia. Najua wengine mkisikia historia mnakumbuka Mkutano wa Berlin 1884 na Maji Maji 1905. Hii ni ya juzi juzi tu, na iko kwenye simu yako.

Swali lenyewe ni hili. Kwa nini ukiomba kontroli namba kwenye mfumo wa chuo unajibiwa "ombi limepokelewa", halafu kimya? Na kwa nini kimya hicho kinawala watu pesa ya kweli kabisa?

Niwape mfano mmoja ndo mtaelewa kwa nini nimelishikia bango hili jambo. Kuna jamaa yangu wa nyumbani, anasoma chuo fulani (sikitaji). Jioni moja aliomba kontroli namba ya ada. Mfumo ukasema umepokea, namba haikuja. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu. Usiku zikaingia namba tatu kwa mpigo, zote halali, zote za ada ile ile. Moja alikuwa ameshaipeleka kwa mzee wake, nyingine kaka yake aliye Manyoni aliichukua akadhani ya kwanza imegoma. Wote wawili wakalipa. Ile ya mzee ilikuwa pesa ya alizeti, yaani magunia ya msimu mzima. Kuirudisha ilikuwa barua juu ya barua hadi muhula ukaisha. Hapo hakuna mwizi na hakuna mjinga. Kuna kazi iliyoachwa ikisubiri, na watu ambao hawakuambiwa kwamba inasubiri.

ENZI ZA KARATASI

Kwa wasioijua Issuna, ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, pale barabara ya kutoka Manyoni inapoelekea Singida mjini. Alizeti, kuku wa kienyeji, asali, mawe makubwa. Mzazi wa zamani aliyetaka kumlipia mtoto wake ada alipanda gari hadi mjini, akapanga foleni benki, akajaza karatasi ya kuweka pesa, akapewa nakala yenye muhuri. Nakala ile ndiyo ilikuwa kila kitu. Ilisafiri ndani ya begi la mwanafunzi hadi ofisi ya uhasibu, mhasibu akaikagua muhuri na saini, akaandika kwenye leja. Kabla ya hapo kulikuwa na hawala ya posta, ambayo nayo ilikwenda kwa mwendo wa barua.

Naomba mtazame kitu kimoja kwenye mtindo ule. Malipo hayakuwa ya papo kwa papo hata kidogo. Pesa iliwekwa Jumatatu, habari ikafika ofisini Alhamisi au wiki iliyofuata. Lakini mtu hakuchanganyikiwa, kwa sababu mbili. Kwanza, alishika karatasi mkononi inayosema hatua gani imekwisha. Pili, karatasi ilikuwa na muhuri, kwa hiyo hata ikichelewa ilijieleza yenyewe imetoka wapi. Ucheleweshaji plus ushahidi. Shikeni hayo mawili, tutayarudia.

SIMU INAINGIA

Mwaka 2005 kule Kenya, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walianza majaribio ya kutuma pesa kwa simu wakishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa rasmi Kenya, na mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Kule Kenya menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Ujumbe ulifungwa kwa ufunguo wa siri uliomo kwenye laini, ukasafiri kama SMS.

Sasa SMS, wadau, haiendi moja kwa moja toka simu hadi simu. Inafika kwenye kituo cha mtandao, inahifadhiwa, kisha inasukumwa mbele njia ikipatikana. Mwenzako akiwa amezima simu, inamsubiri. Zaidi ya hapo, hadi Aprili 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani! Mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake wa nyumba ya pili, habari ilikwenda Ulaya ikarudi. Ndipo watu wetu wakajifunza tabia mpya ambayo hakuna darasa lililoifundisha: pesa haijaenda mpaka ujumbe uingie. Hata bibi asiyesoma anamwambia wakala, "Ngoja kwanza, ujumbe haujaja." Hiyo ni elimu kubwa kuliko tunavyodhani.

2017: KONTROLI NAMBA

Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha mfumo wake wa malipo ya kielektroniki, GePG, chini ya Wizara ya Fedha na Mipango. Lengo lilikuwa kuziona pesa za umma zote kwa pamoja badala ya kila taasisi kuwa na akaunti zake na stakabadhi zake. Mlipaji anapewa namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12 inayoanza na 99, analipa kwa benki au simu yoyote, na taasisi inaona. Mzee wa Issuna haendi tena Singida mjini, analipa kwa wakala pale pale senta. Kwa kweli ni mapinduzi, sitaki kuwadanganya.

Ila ndani yake kuna safari, na ndo hapa nataka mtulie. Ukibonyeza "omba namba", mfumo wa chuo unaandika bili na kuituma GePG. GePG inajibu mara moja, lakini jibu hilo si namba. Ni neno moja tu: nimepokea. Kwenye toleo la awali msimbo wake wa mambo kwenda sawa ulikuwa 7101. Kisha mstari unakatwa. Baadaye, ikishatengeneza namba, GePG yenyewe ndiyo inarudi kupiga hodi kwenye seva ya chuo na kusema, "Ile bili yako, namba yake hii hapa." Chuo nacho kinajibu, "Nimepokea." Hatua nne. Malipo yakishafanyika, hodi inapigwa tena kuleta habari ya malipo, na chuo kinajibu tena.

Kwa nini wasifanye kwa mkupuo mmoja? Kwa sababu ukimfanya kila muombaji asimame mlangoni hadi kazi iishe, foleni inajaa. Fikiria wiki ya usajili, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vyote, pamoja na watu wa leseni, viwanja na hospitali. Afadhali kila mtu aache ombi lake, aende zake, aitwe kazi ikiwa tayari. Ni kama kupeleka nguo kwa fundi cherehani. Fundi anakupa karatasi yenye namba, hakukalishi kwenye benchi siku tatu.

Tatizo la fundi ni lipi? Ni kwamba karatasi ya "nimepokea nguo" inafanana sana na "nguo imekwisha" machoni pa mtu mwenye haraka.

MUHURI WA HESABU

Kumbukeni lile la pili la enzi za karatasi: muhuri. Habari inayokuja baadaye, kwa mlango mwingine, saa ambayo hukuitarajia, lazima ijitambulishe. La sivyo mtu yeyote angepiga hodi kwenye seva ya chuo na kusema "huyu ameshalipa". Kwa hiyo kila ujumbe wa GePG, wa kwenda na wa kurudi, unatiwa saini ya kidijitali.

Hesabu ya saini hiyo ina umri kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kuwa na funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kulitekeleza, ndiyo RSA. Unasaini kwa ufunguo wa siri, na dunia nzima inakagua kwa ule wa wazi. Ukibadilisha hata nafasi moja tupu kati ya maneno, saini inakataa. Hapa ndipo wanaounganisha mifumo wanapoumia sana: ujumbe unasainiwa ukiwa na mistari hivi, unatumwa ukiwa umepangwa upya vile, na upande wa pili unaona kama umechezewa. Ombi linakataliwa, lakini kama mfumo wa chuo hausomi sababu, mwanafunzi anaona kimya kile kile.

Hakuna fundi anayeandika hesabu hizo kutoka mwanzo. Anatumia maktaba ya programu iliyokwisha kuandikwa, na inayojulikana kuliko zote ni OpenSSL. Msimbo wa PHP uliowekwa hadharani na wataalamu wa hapa nchini kwa ajili ya GePG unaiita hiyo hiyo kutia saini. Maktaba hii ilianzia Australia mwaka 1995 kwa jina la SSLeay, kazi ya Eric Young na Tim Hudson. Walipoondoka kwenda kwenye ajira nyingine, wengine wakaipokea, na Desemba 1998 ikatoka kwa jina la OpenSSL.

Ikatumika dunia nzima, na dunia nzima ikaisahau. Aprili 2014 likatangazwa kosa la Heartbleed, lililowezesha mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu za seva, na ndipo watu wakashtuka kusikia kwamba michango iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Yaani mabenki ya dunia yalikuwa yameegemea nguzo ambayo haina hata pesa ya chai. Baada ya hapo fedha na watu vikaongezeka, na Agosti 2016 likatoka toleo la 1.1.0. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

MAKTABA INAJIFUNZA KUSUBIRI

Kutia saini kwa RSA ni kazi nzito kwa kompyuta. Seva yenye wageni wengi inaweza kumaliza nguvu zake hapo tu. Kampuni kama Intel wakatengeneza vifaa vya pembeni vya kubeba mzigo huo. Ila kulikuwa na kichekesho: ubongo wa seva ulikipa kifaa kazi, kisha ukasimama unakitazama kikifanya! Kama mtu aliyeajiri kibarua halafu akakaa shambani siku nzima kumkodolea macho.

Toleo la 1.1.0, kwa ushirikiano na Intel, likaleta kazi zinazoweza kusimamishwa. Kazi ikifika mahali pa kusubiri kifaa, maktaba inakunja ukurasa pale ilipofikia, inaiweka pembeni, na seva inahudumia mwingine. Kifaa kikimaliza kinatoa ishara, kazi inafunguliwa ukurasa ule ule na kuendelea.

Na hapa, wadau wa ualimu, tazameni uzuri. Ukiianzisha kazi, maktaba inaweza kukurudishia majibu manne, si mawili. Nimemaliza. Nimesimama kidogo, rudi. Sina nafasi ya kazi mpya kwa sasa. Nimeshindwa. Wale walioandika waliona kwamba "ndiyo" na "hapana" havitoshi kwa kazi inayosubiri.

Sasa matatizo yanayowapata wanaoitumia yanatoka wapi? La kwanza, programu ya zamani inajua "ndiyo" na "hapana" tu. Ikiambiwa "nimesimama kidogo" inahesabu ni kushindwa, inakata mawasiliano na kufuta vitu ambavyo kazi bado inavihitaji. Kazi ikiamka inakuta nyumba imebomolewa. Fundi anahangaika siku nzima akitafuta kosa kwenye hesabu za siri, kumbe hesabu ziko sawa, kosa ni kutoelewa neno "ngoja".

La pili ni kulala na ufunguo mfukoni. Ndani ya programu, kazi inaweza kufunga kufuli ili nyingine zisiguse kitu fulani. Ikisimamishwa kabla ya kulifungua, na kazi nyingine ikaja kwenye uzi ule ule ikitaka kufuli lile lile, hakuna anayesogea tena. Ya kwanza inasubiri kuamshwa, anayepaswa kuiamsha amekwama mlangoni. Maelezo ya maktaba yenyewe yanaonya juu ya hili, na kuna amri ya kuzuia kazi isisimame katikati ya sehemu kama hiyo. Nyie mnaoishi hosteli mnalijua vizuri: mwenzako kafunga chumba, kaondoka na funguo kwenda kulala nyumbani, simu yake imezimwa, na chaja yake iko ndani.

La tatu ni ishara. Kazi imekwisha lakini hakuna anayesikiliza ishara, au anayesikiliza anasikiliza mahali pengine. Kazi inabaki "inasubiri" milele wakati imekwisha zamani.

UGONJWA NI MMOJA

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba GePG inatumia kazi hizo za 2016. Ni tabaka mbili tofauti kabisa, moja ya mashine ndani ya sekunde, nyingine ya taasisi kwa dakika na saa. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ni ule ule, na dawa ya wenye maktaba ingetufaa sisi wenye mifumo ya vyuo.

Pimeni wenyewe yale matatu. Mfumo unaomwonyesha mwanafunzi "ombi limepokelewa" bila kumwambia "namba bado, usiombe tena" umetupa jibu la pili kati ya yale manne. Mfumo unaomzuia mtu kuingia kwenye mtihani mpaka malipo yaonekane, wakati habari ya malipo imekwama kwa sababu seva yake yenyewe ilizimika usiku, umelala na ufunguo mfukoni. Na mfumo ambao GePG ilipiga hodi ukawa haupo, kisha haukuuliza tena, ni ule ambao hakuna anayesikiliza ishara.

Ndiyo maana GePG imeweka usuluhishi wa hesabu: taasisi inaweza kuomba orodha ya malipo ya siku iliyopita na kulinganisha na ya kwake. Ni leja ya yule mhasibu wa zamani, imerudi kwa nguo mpya. Chuo kinachofanya usuluhishi kila siku kinampata mtoto wa mtu aliyelipa, hata kama hodi ilipotea. Kisichofanya, kinasubiri mzazi apande gari kutoka Issuna na risiti mfukoni. Yaani tunarudi kule kule kwa karatasi, tena bila muhuri.

Kwa sisi watumiaji, somo ni fupi. Ukiona kimya, kwanza angalia kwenye akaunti yako kama ombi limeandikwa. Kama limeandikwa, usibonyeze tena, subiri au uliza. Zikija namba mbili za bili moja, chagua moja, ile nyingine ifutwe na ofisi, na usiwatumie watu wawili namba mbili. Ukilipa, tunza ujumbe wa muamala kama mzee wako alivyotunza ile nakala ya benki. Na kama unasoma IT na utakuja kutuandikia mifumo hii, tafadhali andika neno "ngoja" kwa herufi kubwa kwenye kioo. Linagharimu herufi tano tu, na linaweza kuokoa magunia ya alizeti.

Mimi nikienda field mwakani nitawafundisha watoto wa sekondari hesabu. Nimeshaamua siku ya kwanza nitawauliza: jibu la swali ni ndiyo, hapana, au bado? Watashangaa maana darasani tumezoeshwa mawili. Ila wenyewe wanaijua "bado" kuliko mimi. Wamekulia Singida, wameisubiri mvua.

Haya wadau, kesho saa mbili nina seminar ya saikolojia ya elimu na desa lenyewe sijaligusa. Mwenye kisa cha kontroli namba atuwekee hapo chini, ila majina ya vyuo tuyaache. Tukutane tena hapa hapa, bumu likiingia nitaandika hata mawili kwa wiki!